Kwa Mwezi Utaweza Ngapi?

Kuna swali ambalo muuzaji wa magari akikuuliza, na wewe ukamjibu kwa tarakimu, mjadala wa bei umekwisha kabla haujaanza. Ni swali lenye adabu. Halina haraka wala vitisho, na mwenye kuuliza huinamisha kichwa kidogo kama anayekuonea huruma: "Mama yangu, kwa mwezi utaweza ngapi?"

Muuguzi wa kisa hiki alilijibu. Tumwite Sista, kama anavyoitwa wodini na hata mtaani kwake Mbezi. Nimemuunda kwa vipande vya watu kadhaa waliokopa magari Dar es Salaam, na tarakimu zake nimezinyoosha ili zisomeke. Hesabu iliyomo ndani haikunyooshwa popote.

Sista hakuwa mtu wa makuu. Kwa miaka alikuwa akipanda daladala mpaka Kimara, kisha anadandia basi la mwendokasi kuelekea mjini, na mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 alikuwa miongoni mwa walioshukuru. Kilichomsukuma kutafuta gari ni duka. Alikuwa na duka la dawa muhimu karibu na nyumbani, na kila wiki alishuka Kariakoo kununua dawa kwa jumla, akazirudisha Mbezi juu ya bodaboda, maboksi yamefungwa kwa mpira. Mvua moja ya masika ilimharibia mzigo wa laki nne. Hapo ndipo alipoamua.

Alijua anachokitaka: Toyota Rumion, gari dogo lenye buti ya kutosha maboksi yake, ambalo yadi zilikuwa zikiliuza kwa milioni 22 hivi. Mkononi alikuwa na milioni 8, nyingi zikitokana na kuvunja kikoba mwisho wa mwaka. Zilipungua milioni 14. Na kwenye SACCOS ya kazini kwao alikuwa na akiba ya milioni 5, ambayo kwa masharti yao ya mara tatu ya akiba ilimpa haki ya kukopa mpaka milioni 15.

Kwa maneno mengine, siku anatoka nyumbani kwenda yadi, Sista alikuwa tayari na gari lake. Alichokikosa ni subira. Mkopo wa SACCOS ulitaka wadhamini wawili, fomu yenye saini ya mwajiri, na kikao cha kamati ya mikopo kinachokaa mara moja kwa mwezi. Shemeji yake akamwambia anamfahamu kijana wa yadi ambako mtu anaingia asubuhi na karatasi zake za benki na jioni anatoka na funguo.

Yadi yenyewe ilikuwa imepangwa vizuri, magari yameoshwa, matairi yamepakwa dawa mpaka yanang'aa kama viatu vya mwanajeshi. Kijana akawapokea kwa soda. "Karibu bosi wangu. Tunaangalia ipi leo?" Sista akaitaja Rumion. Kijana hakuipinga. Akawapeleka, akafungua mlango, akamwacha akae kwenye usukani, na alipotoka ndipo akauliza lile swali lake.

Sista akapiga hesabu ya faida ya duka kichwani. Mshahara hakuugusa, kwa kuwa tayari ulikuwa unakatwa mkopo wa ujenzi. "Laki saba. Nane hivi, nikijibana."

"Laki nane, mama yangu, halafu uhangaike na Rumion?" Kijana akacheka kwa upole, akamwelekeza upande wa pili, kulikosimama Toyota Vanguard jeupe, jipya la namba, limetoka bandarini wiki ileile.

Tusimame hapa kidogo, maana wasomaji wengi wataona kosa la Sista ni tamaa, na mimi sioni hivyo. Mtu aliyezoea kubeba maboksi kwenye bodaboda akionyeshwa gari kubwa na kuambiwa lipo ndani ya uwezo wake, akilitamani hajafanya dhambi. Kosa lilikuwa limeshafanyika dakika mbili kabla. Mkopo wa gari una vitu vinne: bei ya gari, kima cha riba, urefu wa muda, na rejesho la kila mwezi. Ukitangaza rejesho na kulishikilia, umemwachia muuzaji hivyo vitatu vingine avipange apendavyo, na kokote atakakovipeleka jibu litarudi kuwa laki nane. Angeweza kumuuzia Rumion ileile kwa laki nane. Angeweza kumuuzia gari la mtu mwingine. Sista angeona laki nane tu.

Bei ikatajwa: milioni 32. Sista si mtu wa kukubali bei ya kwanza. Kariakoo hanunui doti ya kitenge bila kuondoka mara mbili na kuitwa arudi. Alipambana na kijana kwa karibu saa nzima, na akashinda: akapewa kapeti za ndani, kifuniko cha usukani na mafuta nusu tangi. Shemeji akampongeza. Bei ya gari haikusogea hata kidogo, na wala haikuwa imejadiliwa, kwa sababu kila alipoigusa, kijana aliirudisha kwenye rejesho. "Hapo nikikupunguzia milioni nzima, mama yangu, kwa mwezi unaokoa elfu thelathini na kitu. Elfu thelathini si vocha hiyo?"

Swali ambalo halikuulizwa siku ile ni moja: keshi ni shilingi ngapi? Jibu lilikuwepo palepale. Miezi kadhaa baadaye Sista alikutana na mwalimu mmoja kwenye foleni ya kujaza upepo, ana Vanguard la mwaka uleule kutoka yadi ileile, aliyelilipia keshi kwa milioni 29 na nusu. Gari la mkopo lilikuwa limepandishwa bei milioni mbili na nusu kabla riba haijaanza kuhesabiwa.

Na mtu asiseme tofauti hiyo ilitokana na kodi. Kodi ya gari haijui kama mwisho wa safari utalipa keshi au kwa mkopo. Kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato, TRA, kuna kikokotoo cha magari yaliyotumika: unaingiza aina, mwaka na ukubwa wa injini, kinakupa kodi zote. Vanguard lina injini ya karibu cc 2,400, kwa hiyo ushuru wake wa bidhaa ni asilimia 10, wakati Rumion, lililo chini ya cc 2,000, hutozwa 5. Juu yake kuna tozo ya uchakavu ya asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka kumi, na kwa kuwa Vanguard liliacha kutengenezwa mwaka 2013, kila linaloteremka leo bandarini linaibeba. Mtu akikaa na kikokotoo hicho kwa robo saa, akaongeza bei ya gari Japani, meli na gharama za kulitoa bandarini, anaingia yadi akijua muuzaji alilipa takriban kiasi gani. Mazungumzo hubadilika sana hapo, na vijana wa yadi humtambua mnunuzi wa namna hiyo kabla hajakaa.

Sasa riba. Hapa ndipo penye shimo lenyewe, na nitakaa hapa zaidi.

Yadi ilikuwa na kampuni ya mikopo inayofanya nayo kazi, yenye meza yake ndani ya ofisi ileile. Shemeji, ambaye hakuwa mjinga, alikuwa na kipeperushi cha benki moja kilichotangaza mikopo ya magari kwa asilimia 17 kwa mwaka. Akakiweka mezani. Kijana wa kampuni akatabasamu: "Sisi kumi na tano." Wakatazamana. Kumi na tano ni ndogo kuliko kumi na saba, na hilo halihitaji mhasibu.

Mkopo ulikuwa milioni 24, yaani milioni 32 ukitoa milioni 8 za Sista. Miaka minne. Asilimia 15 ya milioni 24 ni milioni 3.6, mara minne ni milioni 14.4. Jumla milioni 38.4, gawa kwa miezi 48, unapata laki nane kamili. Kijana aliipiga hesabu hiyo kwenye simu mbele yao, polepole, na ikatoka sawasawa na uwezo aliousema Sista mwenyewe. Hakuna aliyedanganya.

Lakini asilimia 15 ya kampuni na asilimia 17 ya benki hazipimwi kwa kipimo kimoja. Benki ilikuwa inatoza riba inayopungua: kila mwezi riba huhesabiwa kwenye deni lililobaki, na deni likishuka, riba nayo hushuka. Kampuni ilikuwa inatoza riba isiyopungua, ambayo wengine huiita flati: huhesabiwa kwenye mkopo wote wa siku ya kwanza, mwaka hadi mwaka, kana kwamba hujalipa hata senti. Ichambue ile laki nane. Laki tano ni za kupunguza deni na laki tatu ni riba, kila mwezi, bila kubadilika. Mwezi wa kwanza unadaiwa milioni 24 na riba yake ni laki tatu. Mwezi wa 48 unadaiwa laki tano, na riba yake ni laki tatu. Soma tena sentensi hiyo. Mwezi huo wa mwisho Sista alikodishwa laki tano kwa muda wa siku thelathini na akalipa laki tatu kwa ukodishaji huo.

Ukiigeuza asilimia 15 ile kuwa riba inayopungua, ili ilingane na kipimo cha benki, inatoka zaidi kidogo ya asilimia 25. Kwa benki, milioni 24 hizohizo kwa miaka minne zingekuwa na rejesho la karibu shilingi 692,500, na riba yote isingefika milioni 9.3. Kampuni ilichukua milioni 14.4. Tofauti ni zaidi ya milioni tano, na mlango wa kuingilia hasara hiyo ulikuwa ni kuona kumi na tano na kuishia hapo.

Siku hizi magazeti na vijiwe vinazungumzia sana mikopo ya kausha damu, na ni haki, maana imewafanya akina mama wauziwe masufuria na magodoro yao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji hao chini ya leseni na usimamizi wa Benki Kuu. Lakini kausha damu tunaifikiria kama kitu cha laki mbili kinachodaiwa kwa kelele mlangoni. Mkopo wa Sista ulitolewa kwenye ofisi yenye kiyoyozi, na mkopeshaji aliyevaa tai, kwa karatasi zilizogongwa muhuri.

Karatasi hizo zilikuwa kurasa 11 za Kiingereza. Kijana wa kampuni alizieleza kwa Kiswahili kwa dakika tano, akionyesha kwa kalamu mahali pa kuweka saini. Hapo ndipo zilipotokea ada: asilimia mbili ya kuandaa mkopo, yaani 480,000, kifaa cha kulifuatilia gari kwa setilaiti, 350,000, ambacho mkopaji hukilipia ili mkopeshaji aweze kumwona, na bima kubwa, milioni 1.3 kwa mwaka wa kwanza, inayotakiwa kukatwa kila mwaka mpaka deni liishe. Zaidi ya milioni mbili zikatoka siku hiyohiyo. Sista alizikopa dukani kwake mwenyewe, kwenye fedha za kununulia dawa, akisema atazirudisha.

Kwenye visa vya namna hii msikilizaji huwa anangojea dalali. Anangojea gari likamatwe Ubungo kwenye taa, abiria washushwe, kisha mnada. Nitamkatisha tamaa. Gari la Sista halikukamatwa. Hakuchelewesha rejesho hata moja. Kila tarehe 5 laki nane ilitoka kwenye akaunti ya duka, na kampuni ilimtumia ujumbe wa kumpongeza kwa kuwa mteja bora. Ukimuuliza kijana wa yadi leo, Sista ni mfano wa mkopo uliofanikiwa.

Ni rafu za duka zilizoanza kusema. Kwanza zilipungua dawa za presha, ambazo ni ghali kuzihifadhi. Kisha za kisukari. Wagonjwa wa kudumu, ambao ndio nguzo ya duka lolote la dawa, wakiikosa dawa mara mbili huhamia kwa jirani na hawarudi. Vanguard lilitaka mafuta, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta, inapotangaza bei mpya, Sista alikuwa akisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza taarifa ya habari. Gari alilolinunua ili libebe mzigo wa duka lilifika mahali likawa halina mzigo wa kubeba.

Mtumishi wa umma anapokopa kwa kukatwa mshahara, kuna utaratibu wa kumwachia angalau theluthi moja ya mshahara wake, ili asije akafanya kazi bila kula. Duka halina theluthi. Ukiweka rejesho juu ya biashara, hakuna afisa yeyote atakayekwambia umepitiliza.

Baada ya miaka miwili Sista aliuza kiwanja chake kidogo cha Kibaha akaamua kulifunga deni. Hesabu yake ilikuwa safi: amelipa marejesho 24, na kwa laki tano tano za kupunguza deni ameshalipa milioni 12, zimebaki milioni 12. Akaenda nazo. Dada wa dirishani akabonyeza kompyuta, akamwambia: "Milioni kumi na tisa na laki mbili."

"Mbona hayo ni marejesho yote yaliyobaki?"

"Ndiyo, mama. Ukilipa yote leo, deni linaisha leo."

Alikuwa anatakiwa kulipa milioni 7.2 za riba kwa miaka miwili ambayo asingekaa na fedha zao. Kipengele kipo, ukurasa wa saba. Kwa mkopo wa benki wa riba inayopungua, salio lake siku hiyo lingekuwa karibu milioni 14, na kwa milioni zake 12 pamoja na kile ambacho rejesho dogo la benki lingemwachia kila mwezi, hata ukiongeza ada ya kufunga mapema, angetoka na kadi yake ya gari kabla ya adhuhuri. Alirudi nyumbani na milioni zake 12, na jambo la busara alilolifanya katika kisa hiki chote ni kuzirudisha dukani, kununua dawa, na kuendelea kulipa laki nane mpaka mwisho.

Aliyemfungua macho ni mhasibu wa SACCOS yao, binti mdogo kuliko mtoto wake wa kwanza, siku alipokwenda kuomba mkopo wa karo. Binti aliichukua ratiba ya marejesho, akageuza karatasi, akaandika nyuma yake. Milioni 8 za kuanzia na milioni 38.4 za marejesho: 46.4, bila ada na bima. Vanguard lilelile kwa bei ya keshi ya milioni 29 na nusu, kwa kianzio kilekile na mkopo wa benki wa miaka ileile: milioni 37.8. Kisha akaandika mstari wa tatu. Rumion la milioni 22, kianzio kilekile, milioni 14 za SACCOS kwa asilimia moja ya salio kila mwezi, miaka mitatu: rejesho 465,000, jumla yote milioni 24 na laki saba na kidogo.

"Sista, hukutuuliza tu," akasema. Hakuwa anamlaumu. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha joto.

Sipendi kumtupia kijana wa yadi lawama zote, ingawa wasomaji watapenda nifanye hivyo. Alikuwa kazini. Lakini inafaa tujue analipwa na nani. Yadi ilimpa kamisheni ya gari, na kampuni ya mikopo ilimpa nyingine ya mkopo, kubwa zaidi kadiri mkopo ulivyokuwa mkubwa. Sista aliketi mbele ya watu wawili waliokuwa wakimshauri, na wote wawili walikuwa wakingoja saini yake.

Jambo hili si la Dar peke yake. Uingereza, ambako magari mengi mapya hununuliwa kwa mikopo inayopangwa palepale kwa muuzaji, kulikuwa na utaratibu uliomruhusu muuzaji kupandisha riba ya mteja na kulipwa kamisheni kubwa zaidi kwa kuipandisha, mteja asijue. Mamlaka ya huko ya kusimamia huduma za fedha, FCA, iliupiga marufuku kuanzia tarehe 28 Januari 2021. Kesi za kamisheni zilizofichwa zikafika Mahakama ya Juu, na hukumu ya tarehe 1 Agosti 2025 iliwapa wakopeshaji ushindi katika sehemu kubwa ya hoja, lakini mnunuzi mmoja alishinda. Kwake ilionekana kwamba kamisheni aliyofichwa ilikuwa asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo. Zaidi ya nusu ya alichodhani analipia fedha kilikuwa ujira wa aliyemkaribisha kiti. Hiyo ni nchi yenye sheria ya mikopo ya walaji tangu 1974, na mikataba imeandikwa kwa lugha ya wanaoisaini.

Kwa hiyo anayetaka kununua gari kwa mkopo aanze safari yake mbali na magari. Aende kwanza kwa mwenye fedha: SACCOS, benki ya mshahara wake, benki ya jirani yake. Aulize riba ni inayopungua au isiyopungua, na asiondoke bila ratiba ya marejesho iliyochapishwa. Akipata barua ya kukubaliwa mkopo, ndipo aende yadi, na kuanzia hapo yeye ni mnunuzi wa keshi, hana haja ya kumwambia mtu yeyote hela zimetoka wapi. Akiulizwa kwa mwezi ataweza ngapi, ajibu kwa kuuliza bei ya keshi, na arudie hivyo hata ikimbidi aonekane mbishi. Gari lililokaa yadi tangu mwaka jana linakula mtaji wa mwenyewe kila siku, na bei yake husogea kuliko ya lile lililoteremka jana, kwa hiyo si vibaya kuuliza limekuja lini. Kama ana gari la zamani la kutoa na kuongezea fedha, basi thamani yake ijadiliwe peke yake baada ya bei ya jipya kukubaliwa, la sivyo kinachopunguzwa mkono huu kitaongezwa ule.

Kuna kijana wa bodaboda pale kijiweni kwa Sista, yule aliyekuwa akimbebea maboksi zamani. Naye yuko kwenye mkataba: anamlipa bosi wake elfu kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mwaka mmoja na nusu, kisha pikipiki inakuwa yake. Muulize pikipiki hiyo dukani ni shilingi ngapi, atakwambia milioni 2.9. Muulize mpaka siku ya kukabidhiwa kadi atakuwa amelipa ngapi, atajibu bila kufikiri: karibu milioni 4.7. Ni ghali, na anajua ni ghali, na amekubali akijua, kwa sababu hana akiba wala SACCOS. Sista alikuwa na vyote viwili, na jumla yake aliijua mwaka wa tatu, kutoka nyuma ya karatasi.

Benki Kuu ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019, na mkopaji ana haki ya kuelezwa gharama kabla ya kusaini. Ninachowaomba wanaozisimamia ni ukurasa mmoja tu, wa Kiswahili, uwe wa kwanza kwenye kila mkataba wa gari. Uandikwe bei ya keshi, jumla ya fedha zitakazolipwa mpaka siku ya mwisho pamoja na ada zote, riba kwa kipimo cha salio linalopungua, na kiasi atakachodaiwa mkopaji akitaka kufunga deni katikati. Mpaka ukurasa huo utakapokuja, mwombe mkopeshaji akuandikie tarakimu hizo nne kwa mkono wake na aweke saini. Akikataa, chukua funguo zako za nyumbani uondoke. Magari yapo mengi, na yadi haifungwi kesho.